Semgaya Agawa Hoteli na Choo

Semgaya alichoka kumiliki kwa ubia hoteli ya njiani, yanakosimama mabasi, na Sikudhani, mjane wa mdogo wake.

“Tugawane. Mimi nachukua jiko, meza na jina. Wewe chukua choo, shemeji.”

“Nikitaka kukihamisha?”

“Kipeleke hata kuzimu!” Akatia sahihi hati ya mgawanyo huku akicheka.

Sikudhani alikibomoa, akakijenga upya shambani kwake, kando ya barabara hiyohiyo. Wiki haikuisha, Semgaya akafika mbio, ameshika tumbo lililojaa viporo vya pilau yake isiyonunuliwa.

“Mwizi wewe! Umeniibia mabasi!”

“Sijaiba, shemeji. Dereva husimama mara moja tu, pale abiria wanapochimba dawa. Ingia kwanza, usije ukaadhirika. Ukitoka, upande wa pili nauza pilau. Yangu ni ya leo.”