Chungu cha Dengu cha Amaranta

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Maana yake, kifaa kikiharibika, ujuzi haujafa. Methali hii ni tamu kuitamka ukiwa umeshiba. Trifaina aliijua siku ambayo hata mate hayakumezeka.

Trifaina alikuwa mtumwa katika karakana ya vioo ya Kaepio, mjini Puteoli, huko Italia enzi za Warumi. Bwana huyo alikuwa ameapa mbele ya miungu ya nyumba yake: "Nitengenezee bakuli la maua kwa harusi ya binti yangu, nami nitakuacha huru na kukuvika kofia ya watu huru."

Basi Trifaina akajitosa kazini mzimamzima. Alishikanisha fimbo za kioo za rangi motoni, akazivuta zikawa nyembamba kama mabua, kila moja ikiwa na ua tumboni. Akazikata vipande kama akataye bamia, akavipanga, akaviyeyusha pamoja vikawa sahani bapa. Ilibaki kuilaza sahani hiyo juu ya kalibu ya udongo ndani ya tanuri, ilegee, iiname, iwe bakuli.

Lakini hamu ya uhuru ilimponza. Kalibu ilikuwa bado mbichi, haijakauka. Alipoitanguliza motoni ipate joto, paa! Ikapasuka vipande vipande.

"Pole, dada," alisema Nikanori, mpuliza vioo, akichekea puani. "Ile kofia nitakuvalia mimi."

"Kichwa chako kimejaa pumzi tupu, itapeperuka," alijibu Trifaina. Kufinyanga kalibu nyingine na kuikausha kungeipita siku ya harusi.

Ndipo harufu ya dengu ikamfikia kutoka jikoni. Akatoka mbio kama aliyeitwa.

"Mama Amaranta, nipe hicho chungu!"

"Kina chakula, we mwana!" mpishi alimaka.

"Kimekaa motoni miaka yote na hakijapasuka."

"Hata mimi nimekaa motoni miaka yote. Utanitia na mimi tanurini?"

Hata hivyo dengu zilimiminwa kwenye sufuria. Trifaina alikisugua chungu, akakipaka chokaa kioo kisigande, akakifudikiza tanurini na kuilaza sahani juu yake. Kioo kikainama polepole kama bibi harusi mbele ya wakwe. Akakiacha kipoe bila papara, kisha akakisugua kwa mchanga mpaka kikang'aa.

Kasoro haikukosekana. Chungu kilikuwa na kibonyeo ubavuni, na hapo maua yalikuwa yamevutika. Nikanori ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwonyesha bwana kasoro hiyo.

Kaepio aliliinua bakuli juani. Akaligeuza. Akalinusa.

"Mbona linanukia dengu?"

"Ni njaa yako hiyo, bwana," Amaranta alidakia.

Binti alilinyakua bakuli mikononi mwa babaye. "Baba, tazama! Hapa maua yanacheza ngoma. Nalitaka hilihili."

Kaepio akacheka mpaka machozi. "Leteni kofia."

Trifaina alikaa chini kwenye majivu, puu, akavuta pumzi iliyoshuka hadi vidoleni.

"Kwa kuwa sasa u mtu huru," Amaranta alimnong'oneza, "nenda kwa hiari yako ukanioshee chungu changu."

Akaenda akiimba. Kweli, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.