Filamu Iliyosikika Maguu

Siku ya Jumatatu, tarehe 10 Machi mwaka 2025, ukungu uliamka mapema kuliko watu katika kijiji cha Maguu, wilayani Mbinga. Ulipanda taratibu kutoka mabondeni, ukaifunika mibuni, ukayafunika mabati ya nyumba, ukazimeza hata sauti za majogoo, mpaka mlima mzima ukawa kama jambo linalokumbukwa na si jambo linaloonekana. Waliojaliwa macho walitembea wakiwa wamenyoosha mikono mbele. Mama mmoja tu aliushuka mteremko wake kwa mwendo wake wa kila siku, jembe begani, kwa maana kwake yeye asubuhi hiyo ilifanana na asubuhi nyingine zote.

Mama huyo aliitwa Gaudiosa. Wahenga walinena kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Walimaanisha kuwa mtungi hutazamwa na wengi kwa nje, nao husema wapendavyo, lakini kata ndiyo inayoingia ndani na kukijua kina cha maji. Yaliyompata Gaudiosa mwaka huo yanatosha kuwa ushahidi wa maneno hayo.

Gaudiosa alizaliwa Ngumbo, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa. Alipokuwa na umri wa miaka sita, surua iliyachukua macho yake. Kitu cha mwisho alichokiona kilikuwa maji, na maji hayo hayakumwacha kamwe. Kila alipolala, ziwa lilimjia ndotoni likiwa na rangi ileile ya utoto wake, likipumua polepole kama mnyama mkubwa mpole. Alipoolewa na Joakim na kupandishwa milimani, mama mkwe wake alimvua viatu, akampeleka shambani, akamfundisha kulima ngolo kwa nyayo zake.

Ngolo ni mashimo ambayo Wamatengo, wenyeji wa milima hiyo, huyachimba kwenye miteremko ili mvua isiuchukue udongo. Mwanamume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, yakafanya miraba. Kisha mwanamke huingia katikati ya mraba, akachimba, na kwa udongo ule akayafunika majani pande zote nne. Shimo hubaki katikati likinywa mvua, nayo maharage huota juu ya matuta. Siku ya kwanza Gaudiosa alipopita juu ya matuta yale bila viatu, alisimama ghafla. Yalikuwa yanapanda na kushuka chini ya nyayo zake kama mawimbi ya Ngumbo. Tangu hapo mlima ule haukuwa mgeni kwake tena.

Joakim alifariki dunia, na Gaudiosa akawa anafyeka na kuyalaza majani yeye mwenyewe, akipima miraba kwa mpini wa jembe. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mansuetus, mdogo wake Joakim, alikuwa akifika mara kwa mara na kauli laini kama siagi juani.

"Shemeji, wewe umeteseka vya kutosha," alikuwa akisema. "Shamba niachie mimi. Wewe ukae nyumbani, nitakuletea debe la mahindi na maharage ya kula."

"Nikikaa nyumbani nitafanya nini, shemeji?"

"Utapumzika."

"Kupumzika kwa aliyechoka ni kuzuri," Gaudiosa alimjibu. "Kwa asiyechoka ni kifungo."

Asubuhi ile ya ukungu alifika mgeni shambani. Alikuwa binti aitwaye Hafidha, ambaye baba yake aliuza vitambaa mjini Mbinga. Yeye mwenyewe alipiga picha za video za harusi, na sasa alitaka kutengeneza filamu yake ya kwanza isiyo na bibi harusi.

"Shikamoo, Mama Asteria," alisema, akimwita kwa jina la bintiye aliyekuwa akisoma shuleni Kigonsera.

"Marahaba, mwanangu. Ningekukaribisha chai, lakini nasikia huu ni mwezi wenu."

"Ni Ramadhani, mama. Nimefunga."

"Nami niko katika Kwaresima. Basi kamera yako leo itapata matumbo mawili yanayonguruma."

Hafidha alicheka, kisha akaeleza safari yake. Kulikuwa na tamasha la filamu lisilo na ukumbi. Watu wangelitazama kupitia mtandao, kila mmoja akiwa kwake, na filamu zake zote zilihusu maisha ya watu wenye ulemavu. Kila filamu ilipaswa kuwa na maandishi na lugha ya alama kwa wasiosikia, pamoja na sauti ya maelezo kwa wasioona.

"Sauti ya maelezo ndiyo nini?"

"Ni mtu anayesema kile kinachoonekana, ili asiyeona naye atazame."

Gaudiosa aliegemea jembe lake. "Nimeitazama dunia kwa njia hiyo tangu utoto wangu," alisema. "Sikujua kwamba ina jina."

Kwa siku tatu kamera ilimfuata mteremkoni. Hafidha alirudi Mbinga, akaiunganisha filamu, na kwa kuwa alikuwa na sauti nzuri, akaandika na kuyasoma maelezo yeye mwenyewe. Baada ya Idi alipanda tena Maguu, akaiweka filamu mezani kwa Gaudiosa. Mansuetus alikuwapo, ameketi mlangoni.

Ilisikika sauti ya jembe, kisha sauti ya Hafidha, tamu na yenye huzuni: "Mama asiyeona anapiga magoti. Anapapasa majani katika giza lake la milele. Anachimba, anageuka, anarudi palepale alipotoka, anazunguka kama aliyepotea njia."

Gaudiosa alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Kadiri maneno yalivyoendelea, alimwona mama mmoja mnyonge akitambaa mlimani, akamhurumia sana. Ilimchukua muda kutambua kwamba mama yule alikuwa yeye.

Mansuetus aliinuka. "Umesikia, shemeji? Si mimi niliyesema. Sasa dunia nzima itasikia kwamba ukoo wetu umemwacha mjane wa Joakim atambae mashambani kama aliyepotea. Hii ni aibu. Nitamwendea Baba Mdogo Bernadi aite kikao."

Naye aliyasema hayo kwa dhati, kwa kuwa ndani ya moyo wake huruma na tamaa zilikuwa zimelala kitanda kimoja kwa muda mrefu, hata yeye hakujua tena mguu upi ulikuwa wa nani. Kikao kilipangwa Jumapili, tarehe 4 Mei, siku ileile ambayo tamasha lingefunguliwa. Mzee Bernadi, baba mdogo wa Joakim na Mansuetus, ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho katika mambo ya ukoo. Akisema shamba lihamishwe, lingehamishwa.

Kabla ya mwezi wa Aprili kwisha, Hafidha alipokea ujumbe kutoka kwa waandaaji. Miongoni mwa wakaguzi wao walikuwamo watu wasioona, na hao ndio walioandika: "Picha ni nzuri, kama tulivyoambiwa na wenzetu wanaoona. Lakini katika maelezo tumemsikia anayemtazama Gaudiosa, na Gaudiosa mwenyewe hatujamwona. Rekebisheni ndani ya siku saba."

Hafidha alipanda mlima akiwa amenywea kama jani la mboga lililoguswa na moto. Alimsomea Gaudiosa ujumbe ule.

"Nilisema nilichokiona, Mama Asteria," alisema.

"Najua. Hukusema uongo, mwanangu. Uliona mtu anayezunguka, ukasema anazunguka. Hebu iweke tena, lakini uitoe sauti yako, libaki jembe peke yake."

Hafidha akafanya hivyo. Gaudiosa aliinamisha kichwa. "Hapo niko upande wa juu wa shimo," alisema. Baada ya kitambo akaongeza, "Sasa nimeshuka upande wa chini." Hafidha alitazama kioo. Ilikuwa hivyo kweli.

"Umejuaje?"

"Jembe la upande wa juu hulia kavu. La upande wa chini humeza. Hapo sasa nimeacha kuchimba, nagusa majani kama yamefunikwa. Wewe hapo ulisema nimepiga magoti."

"Nilisema unapapasa katika giza la milele."

"Giza hilo ulilitoa wapi?"

Hafidha alicheka kwa aibu, na Gaudiosa akacheka naye. Kisha wakaingia katika stoo ya kahawa kurekodi maelezo upya, wakatundika blanketi na magunia matupu ukutani ili mwangwi usiwasumbue. Hafidha alimweleza kila picha ilipoanza na ilipoishia, na Gaudiosa akasema yaliyokuwamo ndani yake. Walipotoka nje, kijiji kilikuwa kimefunikwa tena na ukungu, na Hafidha, kwa mara ya kwanza, alishuka njiani akisikiliza nyayo zake mwenyewe.

Jumapili ya kikao ilifika. Baada ya misa ukoo ulikusanyika uani kwa Gaudiosa, wanaume kwenye mabenchi na wanawake kwenye mikeka. Mzee Bernadi alikalia kiti cha mbele, mikono yake yote miwili juu ya fimbo. Gaudiosa aliketi kando. Kwa mbali chini ya nyayo zake alihisi mteremko ukianza, na akajiuliza kama kesho ungekuwa bado wake.

"Mimi sina maneno mengi," Mansuetus alisema. "Tamasha limefunguliwa leo, na filamu iko hewani. Acha filamu yenyewe iseme. Binti, iweke, kila mtu asikie."

Hafidha alimtazama Gaudiosa. Gaudiosa, kana kwamba ameuona mtazamo ule, aliitikia kwa kichwa. Kishikwambi kikawekwa juu ya kigoda, kikaunganishwa na spika ndogo, na uani kukawa kimya. Jembe likasikika, kisha sauti ya Gaudiosa, isiyo na haraka.

"Nimesimama katikati ya mraba. Majani nimeyalaza jana pande nne, naweza kuyanusa. Napiga magoti, siombi njia, nauliza majani kama yamelala sawa. Yamelala. Naanza upande wa juu. Udongo unaoanguka kwa kishindo umeyakosa majani, usiosikika umeyafunika. Sasa nageuka. Nitageuka mara nne, nitarudi pale nilipoanza. Anayenitazama atadhani nimepotea. Shimo halikamiliki kwa kwenda mbele. Shimo hukamilika kwa kuzunguka."

Jembe likaendelea. Sauti nayo ikaendelea, laini zaidi.

"Sasa natembea juu ya matuta bila viatu. Yanapanda, yanashuka. Nilizaliwa ziwani, na mama mkwe wangu alinipa ziwa jingine, la udongo, lililosimama wima mlimani. Mvua ikija itayajaza mashimo haya yote, na kila shimo litakuwa na kipande chake cha mbingu. Sijakiona. Lakini ndimi niliyekichimbia mahali pa kukaa."

Filamu ilikwisha. Kisha kutoka mkekani ilisikika sauti ya Vitalia, mke wa Mansuetus.

"Mimi pia huzunguka hivyohivyo," alisema. "Miaka yote hii huzunguka hivyohivyo. Kumbe na mimi nimepotea, mume wangu?"

Wanawake waliinamisha vichwa wakificha vicheko kwenye khanga. Mansuetus alikuna shavu.

"Sikuwa na maana hiyo, mama. Mimi sijawahi kuchimba. Ile ni kazi yenu."

"Basi ungetuuliza."

Mzee Bernadi aligonga fimbo yake chini, na uani kukatulia. "Mansuetus, wewe umetazama kioo. Umeona nini?"

"Nimeona shemeji analima, Baba Mdogo."

"Mimi sikuona," mzee alisema. "Ni mwaka wa pili sasa macho yangu yamejaa ukungu. Sikumwambia mtu, kwa sababu mzee asiyeona huanza kuamuliwa mambo hata chumvi ya mboga yake. Leo kwenye kioo hicho nimeona mwanga ukitembea, basi. Lakini shamba la Joakim nimeliona. Nimeliona tuta kwa tuta, kwa masikio yangu, na halina kasoro." Akaikaza mikono juu ya fimbo. "Sasa nisikilizeni vizuri. Nikitamka kwamba mama huyu aondolewe shambani kwa ajili ya macho yake, basi nami niondoke katika kiti hiki leo hii. Nani yuko tayari kunishika mkono anitoe?"

Hakuna aliyesogea. Jogoo mmoja alikatiza uani kana kwamba ana ruhusa ya wote.

"Vema. Shamba ni la Gaudiosa."

Gaudiosa hakulia wala hakucheka. Aliuachia tu mgongo wake, ambao alikuwa ameukaza tangu msiba wa Joakim, na uliposhuka, alihisi kana kwamba maji ya utotoni yamemfikia vifundoni.

Mansuetus alikuwa wa mwisho kuinuka. Alisogea mpaka alipoketi shemeji yake. "Na majani ya msimu ujao?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Si desturi mwanamke kuyalaza."

"Uje uyalaze wewe, shemeji. Ukikosea mstari, nitakusahihisha."

Ndipo hata Mzee Bernadi alipocheka, akiwa amefumba macho.

Wengi waliutazama mtungi huu kwa nje. Binti mwenye kamera aliona giza, shemeji aliona aibu, na wote walisadiki walichokiona, hadi mwenye kuyajua maji yake aliponena. Basi nawe uliyefika mwisho wa maneno haya, usiyaweke kabatini. Msomee jirani asiyejua kusoma, msimulie asiyeona, mwandikie asiyesikia, naye umwombe ampe mwingine, ili kabla hatujamsemea mtu maisha yake tukumbuke kumwachia nafasi aseme mwenyewe. Kwa kuwa siri ya mtungi aijuaye kata.