Mwinyi Kidago na Vumbi la Jangwani

Nyamazeni niwahadithie, anayetaka kusinzia na aende zake.

Palikuwa na tajiri mmoja, Mwinyi Kidago, mpumbavu aliyejiona mwerevu. Mashamba yake yalikuwa mlimani, mbali na jangwa. Kila kiangazi jini wa upepo alilikwangua jangwa, akabeba vumbi jekundu na kulimwaga mlimani.

“Uchafu gani huu?” Kidago alifoka, akipangusa kanzu yake. “Ewe jini, usiniletee tena!”

“Bwana,” mkewe alimsihi, “vumbi hilo ndilo linalorutubisha udongo wetu.”

“Nyamaza! Wewe unajua nini?”

Jini akamuuliza mara tatu kama ana hakika, na mara tatu Kidago akatema mate. Basi jini akaapa kutolivusha tena.

Mwaka wa kwanza mahindi yalidumaa. Wa pili yalinyauka. Wa tatu hata magugu hayakuota, na mkewe akarudi kwao.

Kidago akapiga magoti. “Nirudishie vumbi langu!”

“Langu?” jini akacheka. “Nimekwisha kuapa. Kalibebe mwenyewe.”

Mpaka leo anapanda mlima na kikapu cha vumbi kichwani. Nilimkuta njiani amekitua, anahema. Nikapita zangu, hata kumtwisha sikumtwisha.