Baunsa Aliyerudisha Kiatu

Mtu mmoja alikuwa na mabega mapana, na mabega hayo ndiyo yaliyompatia kazi.

Jina lake lilikuwa Kobelo. Alikuwa mbeba magunia sokoni Morogoro. Siku moja mwenye ukumbi wa muziki alipita akamwona anashusha magunia mawili ya mpunga kwa mkupuo mmoja, akamwuliza kama angependa kuwa baunsa. Hakumwuliza anajua nini. Alimpa fulana nyeusi, akamwambia aje Jumamosi saa kumi na moja jioni.

Kobelo alifurahi sana. Alinyoa kichwa kikang'aa. Alimwonyesha mama yake fulana, kisha akaenda kwa jirani mwenye kioo kirefu, akasimama mbele yake akijifunza kukunja uso.

Jumamosi ilipofika alimkuta Bi Mwajabu mlangoni. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, na kwa miaka kumi na minne kazi yake ilikuwa kukagua mikoba ya wanawake wanaoingia. Mwenye ukumbi alimwambia Kobelo amsikilize mama huyo kwa kila neno. Kobelo alimwamkia kwa adabu, maana alikuwa amelelewa vizuri, lakini moyoni alijiuliza mtu asiyefika hata begani kwake atamfundisha nini.

Bi Mwajabu alianza kwa kumwuliza kama amekula. Aliposikia hajala, alimpeleka kwa mama ntilie wa ng'ambo ya barabara, akasimama pale mpaka sahani ya wali na maharage ikaisha, akisema kwamba baunsa mwenye njaa hukasirika kabla ya mlevi. Alimtazama miguuni, akamwambia viatu vyenye soli ya kuteleza avivae kanisani, siyo hapa. Akamwonyesha mahali pa kusimama: kando ya mlango, siyo katikati, ili anayeingia asijione kama anapita juu ya mtu. Mikono iwe mbele, iwe wazi, ionekane. Pombe asionje, hata akipewa na mwenye ukumbi mwenyewe. Asimshike mtu kwa nyuma. Akiona mlevi anasumbua, asibishane naye, amtafute rafiki aliyekuja naye, azungumze na huyo. Na kila anayeingia amsalimie huku akimwangalia usoni, kwa kuwa mtu uliyemsalimia saa mbili ni rahisi kumsihi saa saba.

Kobelo aliitikia yote. Alishika lile la chakula na lile la viatu. Mengine yalimpita, kwa sababu wakati anaambiwa alikuwa akiyatazama mabega yake katika kioo cha dirisha la tiketi.

Usiku huo alikuwapo fundi redio mmoja aitwaye Semindu. Alikuja na mkewe kusherehekea miaka ishirini ya ndoa yao. Hakuwa mnywaji, ndiyo maana bia tatu zilimtosha kupotea. Alipanda jukwaani kuwaomba wanamuziki wampigie wimbo ambao yeye na mkewe waliuchezea siku ya harusi. Wakamkatalia kwa upole, akashuka. Akapanda tena. Mara ya tatu aliishika maikrofoni akaanza kuuimba mwenyewe. Haikuwa vurugu, ilikuwa kero tu, na nusu ya ukumbi walikuwa wanatabasamu. Mwenye ukumbi akamtafuta Kobelo kwa macho, akamwonyesha jukwaa kwa kidole.

Kobelo alifika kwa hatua chache. Alimkamata Semindu kwa nyuma, mkono mmoja ukosini na mwingine kwenye mkanda, akamwinua kama gunia, akampitisha katikati ya watu mbele ya mkewe, akamrusha nje. Fundi akaangukia mtaroni. Watu wakacheka. Wengine wakapiga makofi, na Kobelo aliposikia makofi akadhani hiyo ndiyo kazi.

Mke wa Semindu alitoka na koti la mumewe mkononi. Hakumtazama mtu. Alimsaidia mumewe kusimama, wakaondoka taratibu, yeye akiwa amemshika kiwiko. Walipopotea, Bi Mwajabu alichukua tochi akaenda mtaroni, akarudi na kiatu kimoja cha mguu wa kushoto. Alikifuta matope kwa upindo wa kanga yake bila haraka, akampa Kobelo.

"Uliagizwa umtoe mtu, mwanangu," alisema. "Kiatu nani alikuagiza?"

Alirudi kukagua mikoba.

Kobelo hakulala vizuri. Kesho yake, Jumapili, alikitia kiatu kwenye mfuko, akaingia mjini kumtafuta mwenyewe. Hakujua jina lake wala anakokaa. Aliwauliza wauza magazeti, akawauliza waendesha pikipiki, wote wakamtazama mtu mzima mwenye kichwa kinachong'aa anayetembea na kiatu kimoja, wakacheka. Mwishowe alimfikia fundi viatu karibu na stendi. Huyo alikigeuza kiatu, akauona ushonaji wake mwenyewe kwenye kisigino, akasema hiki ni cha Semindu, yule wa redio, na akamwelekeza njia.

Kibanda cha Semindu kilikuwa kidogo, kimejaa redio zilizofunguliwa matumbo. Kobelo aliinama ili aingie. Fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda, amevaa ndala, kiwiko kimechubuka. Alipomwona aliyeingia, chuma cha kuunganishia nyaya kilitulia mkononi mwake. Kobelo alichuchumaa, akakitoa kiatu, akakiweka mbele yake kwa mikono miwili.

Semindu alikiweka chuma chini. Kisha alieleza, bila kupandisha sauti, kwamba anajua alikosea. Aliwasumbua wanamuziki, na akikumbuka alivyoimba anaona aibu mwenyewe. Mtaro haukumwuma. Kilichomwuma ni mkewe, ambaye alishona gauni jipya kwa ajili ya usiku ule, na akarudi nalo nyumbani akisindikizwa na kicheko cha watu.

"Ungeniambia tu nitoke," alisema, "ningetoka."

Basi mtu aliyezoea kuinua magunia mawili akashindwa kuinua kichwa chake. Aliomba radhi. Semindu alimpa tochi ndogo, akamwambia amulike ndani ya redio ili aone waya anaouunganisha, na Kobelo akamulika karibu saa nzima, akiogopa kukosea. Redio ilipoanza kunguruma, kisha ikatoa sauti ya mtu anayesoma habari, wote wawili walitabasamu bila kukusudia. Hapo Semindu akasema yamekwisha.

Kobelo akaomba akamwone na mama wa nyumba. Alimkuta uani, nyuma ya kibanda, akianua nguo. Alimwomba radhi na yeye, akamsihi warudi ukumbini siku moja, akiahidi kwamba yeye mwenyewe atawapokea. Yule mama alimwangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni na kumwambia kwamba atafikiria. Kobelo akashukuru, akageuka kwa heshima zote, na kwa kuwa alisahau kuinama, akajigonga paji la uso kwenye fremu ya mlango mpaka nyumba ikatikisika. Mke wa Semindu akaangua kicheko. Alicheka mpaka akakalia ndoo ya nguo, na mumewe alipokuja kuona kuna nini, akacheka naye. Kobelo aliondoka na nundu, lakini njia nzima alikuwa anatembea kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Jumamosi iliyofuata aliwahi kazini. Alimwomba Bi Mwajabu amrudie yale yote ya siku ya kwanza, kwa kuwa sasa alikuwa na masikio. Akasimama kando ya mlango, mikono mbele. Akawasalimia waliokuja, mmoja mmoja, shikamoo kwa wakubwa na mambo kwa vijana, na baada ya wiki chache akawa anawajua kwa majina. Akiona mlevi, alimsogelea kutoka mbele, akainama sikioni mwake ili wengine wasisikie, akamwambia kwamba kwa leo imetosha, waende wote wakapunge upepo. Akatembea ubavuni mwake kama wanavyotembea marafiki. Wengi walitoka bila mtu kujua kwamba wametolewa. Wengine walirudi Jumatatu kumshukuru. Wapo waliomtukana, na wawili walimpiga ngumi. Hao aliwashika kwa nguvu zote mpaka wafanyakazi wenzake wakaja, kisha akawafikisha nje wakiwa na viatu vyote. Lazima niseme hili, msije mkadhani kazi ile ni maneno matupu.

Semindu na mkewe walirudi mwezi wa tatu baada ya hapo. Gauni lilikuwa lile lile. Kobelo aliwapeleka mpaka meza ya mbele, na kwa kuwa alikuwa amekwisha kuzungumza na kiongozi wa bendi, wimbo wao wa harusi ulipigwa kabla hata hawajaagiza soda. Walicheza peke yao, na ukumbi mzima uliwapisha.

Sasa sikilizeni, ninyi mnaoanza kazi ya mlangoni wiki hii. Jumamosi moja ya Desemba ukumbi ulijaa kuliko siku zote. Bendi ilikuwa katikati ya wimbo pale nyaya za nyuma ya jukwaa ziliposhika moto. Moshi ukatoka chini ya pazia, umeme ukakatika, na kwenye giza mtu akapiga ukelele wa moto. Watu zaidi ya mia tatu wakageukia upande mmoja, kwa kuwa kila mmoja aliujua mlango mmoja tu, ule alioingilia. Mlango huo ulikuwa mwembamba. Kobelo aliona kitakachotokea, na alijua kwamba mabega yake, hata yangekuwa mapana mara kumi, yasingeweza kuwazuia watu mia tatu.

Alipanda juu ya meza. Aliwasha tochi akajimulika usoni.

"Ni mimi, Kobelo," aliita kwa sauti kubwa isiyo na hasira. "Tunahamia uwanjani kwa mlango wa pembeni. Kila mtu amshike mkono aliye karibu naye. Bendi, tangulieni mkipiga."

Waliujua uso ule. Ulikuwa umewasalimia saa mbili ya jioni hiyo, na Jumamosi nyingi kabla yake. Waliokuwa wakisukumana wakasita. Mpiga ngoma akaanza, tarumbeta ikadakia, na sauti yao ikaelekea huko, ambako Bi Mwajabu alikuwa amekwisha kuufungua mlango, kwani hakuna siku aliyowahi kuuacha na kufuli wageni wakiwa ndani. Watu wakaifuata sauti gizani, mkono kwa mkono. Jitu moja lenye kifua kama cha Kobelo lilikuwa linawakanyaga wengine likitafuta njia. Kobelo aliliwekea kiganja wazi kifuani, akaliomba msaada: pale ukutani kuna bibi mwenye mguu mbovu, hawezi kutembea. Yule bwana akashtuka kama mtu aliyeamshwa. Akaenda, akambeba bibi mgongoni, akatoka naye polepole huku bibi akimwelekeza njia kwa kumgusagusa bega na mkoba wake.

Walitoka wote. Mwenye ukumbi na vijana wake waliuzima moto kwa ndoo za mchanga. Likaungua pazia, zikaungua na spika mbili. Mtu hakuungua hata ukucha. Bi Mwajabu, ambaye kila jioni huhesabu wanaoingia, aliwahesabu uwanjani mara mbili, akakuta hapungui hata mmoja, ndipo akakaa chini kwenye nyasi akalia kidogo.

Ungedhani hapo watu wangeenda nyumbani. Hawakwenda. Bendi haikuwa na umeme, lakini ngoma haihitaji umeme, wala tarumbeta. Hofu ilipowatoka ikaacha nafasi, na furaha ikaijaza yote. Majirani waliamka wakaja na kanga zao mabegani kuuliza kuna nini, wakavutwa kwenye mduara. Bibi mwenye mguu mbovu alikataa kutuliwa, akataka abebwe huku wakicheza, na lile jitu likacheza naye mgongoni. Bi Mwajabu alimshika Kobelo mkono akamwingiza katikati. Kobelo alicheza vibaya sana, akawakanyaga watu, na hakuna aliyejali. Kulipopambazuka bado walikuwa wanacheza, nyuso zimejaa masizi na tabasamu.

Watu wa mji ule husema kwamba Kobelo aliwaokoa kwa nguvu zake. Nguvu alikuwa nazo tangu sokoni, na usiku wa kwanza zilitosha kumtupa mtu mmoja tu. Usiku ule mia tatu walitoka kwa hiari yao, kwa sababu aliyewaambia watoke ni mtu aliyewaheshimu siku ambayo hapakuwa na moto.

Na wewe umewekwa mlangoni pa wengine, kama si pa ukumbi basi pa ofisi, au pa zahanati, au pa nyumba yako mwenyewe. Siku utakapowasha tochi ukajimulika usoni, watakaokuona watakukimbia, au watashikana mikono wakufuate?