Kitanda cha Aliyezuia Mvua

Jioni ile Mize alimwomba mumewe amgeuzie mto, kwa kuwa upande wa chini ulikuwa bado na ubaridi. Faki akaugeuza. Akamuuliza kama anataka uji. Mize akasema hataki, atautaka kesho, ila usitiwe sukari nyingi kama wa leo. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya kuzungumzia uji, "Baba Asya, nikiondoka, kitanda hiki apewe yule aliyenizuilia mvua."

"Haya," akajibu Faki. Alimwona amechoka, akaona jina atamuuliza asubuhi.

Alfajiri Mize hakuamka.

Sasa sikilizeni vizuri, maana waliomzuilia Mize mvua walikuwa watatu.

Kulikuwa na Shaame, fundi wa kuezeka, ambaye akiweka kiganja juu ya paa hukwambia umri wake kama mkunga anavyokwambia miezi ya mimba. Kulikuwa na Khatibu, jirani wa upande wa juu, mtu asiyejua kukataa; mkewe husema ukimwomba Khatibu meno yake atakuuliza unayataka ya juu au ya chini. Na kulikuwa na Bi Riziki, jirani wa upande wa chini, mshonaji wa makuti. Makuti ya wengine hukaa miaka mitatu au minne. Ya Riziki hufika saba, kwa sababu huyabana mpaka mwanga haupiti. Riziki na Mize walikuwa hawasalimiani kwa miaka tisa, tangu kuku wa Mize walipofukua miche ya bilingani ya Riziki.

Mize alikuwa na uvimbe kichwani. Hospitali ilikuwa imemrudisha nyumbani, kwa maneno mazuri. Binti yao, Asya, alitaka kumchukua kwake mjini Wete, kwenye nyumba ya vigae ambayo Shaame husema itawaona wajukuu wa wajukuu. Mize alikataa. Alitaka jambo moja tu: kumalizia siku zake kitandani pake, ndani ya nyumba yake, bila kulowa wala kuhamishwa. Faki aliahidi.

Mwezi mmoja kabla ya masika, Shaame alikuja kumjulia hali mgonjwa. Alikaa, akawa anatazama juu.

"Paa hili lina miaka mingapi, Bwana Faki?"

"Huu wa nne. Lakini halivuji. Mvua za vuli zote hazikupitisha tone."

"Ndivyo watu wanavyosema siku zote. Hungoja livuje." Shaame alitoka nje akaomba ngazi. Mwaka uliopita alikuwa ameanguka kutoka juu ya paa, akamwapia mkewe kuwa hatapanda tena. Siku ile alipanda. Alitia vidole kwenye makuti ya upande unaopigwa na upepo, vikazama kama kwenye majivu. Chini makuti yalionekana mazima. Juu yalikuwa vumbi lililoshikwa na mazoea. "Mvua kubwa ya kwanza," alisema, "itaingia nalo ndani."

Kushona makuti ya paa zima kungechukua muda ambao hawakuwa nao. Ndipo Khatibu alipokuja. Alikuwa na mabati yake yameegemea ukuta, mapya, ya kuezekea nyumba aliyokuwa amemaliza kuta zake, maana ile ya zamani isingestahimili masika nyingine. Hakuombwa. Alisikia habari, akaanza kuyabeba mawili mawili kichwani, mkewe akimfuata nyuma.

"Na sisi tutalala wapi masika hii?"

"Kwa mama yako."

"Mama yangu hakupendi."

"Masika si ndefu," akasema Khatibu, akaenda kuchukua mengine.

Shaame aliyagongelea mwenyewe, akifunua paa kipande kwa kipande ili mgonjwa asibaki wazi. Kila pigo lilimpata Mize kichwani. "Shaame," aliita kutoka kitandani, "msumari huo ni wa bati au ni wangu?" Shaame alicheka juu kule, akapunguza nguvu. Aliposhuka kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba kama embe, na tangu siku ile hajapanda paa lingine.

Mvua ilikuja, na haikuingia hata tone. Lakini bati lina sauti. Kwa mtu mzima ni ngoma; kwa mwenye uvimbe kichwani ni nyundo zisizohesabika. Mize alijifunika masikio, akatapika, akamwambia Faki, "Bora ningelowa." Faki alikaa ukingoni mwa kitanda akamshika kichwa kwa mikono miwili mpaka mvua ilipokatika. Hakujua la kufanya. Akaanza kufikiria Wete.

Asubuhi Bi Riziki aliingia uani amebeba mzigo wa makuti.

"Karibu, Bi Riziki," alisema Faki.

"Sikuja kukaribishwa. Nimekuja kuezeka. Nimesikia kilio chake usiku kucha, na mimi nina masikio."

Alitaka kulaza makuti juu ya bati, mvua ianguke kwenye majani isiguse chuma. Shaame, aliyekuwa amekaa mguu juu ya kigoda, alipinga. "Bi Riziki, makuti yakilowa hukaa na unyevu. Bati jembamba kama hili, na hewa yetu hii ya chumvi, lingekaa miaka kumi na tano. Ukilifunika hivyo halitafika saba. Na ni la Khatibu, atalitaka."

Wote wakamtazama Khatibu. Khatibu alijikuna shingo. "Lifunikeni," alisema. "Msimwambie mke wangu hiyo hesabu."

Riziki alileta makuti aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya paa lake mwenyewe, lililokuwa limefika ukomo wake mwaka uleule. Yalipokosa kutosha alishona mengine palepale uani, mpaka vidole vikachanika. Na kwa kuwa Shaame hakuweza kupanda, alipanda yeye, bibi wa miaka sitini na kitu, Khatibu akimshikia ngazi na Shaame akitoa amri kutoka kigodani.

"Bana zaidi, Bi Riziki."

"Wewe bana mdomo."

Mize alisikia nyayo juu. "Nani huyo?"

"Riziki," akajibu Faki.

"Mwambie akishuka asije akawakanyaga kuku wangu."

Siku ya pili mvua ilishuka kubwa kuliko ya kwanza. Faki alisimama mlangoni akiona maji yanavyochuruzika michirizini. Mize alikuwa amelala chali, macho wazi.

"Inanyesha?"

"Inanyesha."

"Siisikii," alisema, akafumba macho akalala.

Hivyo ndivyo alivyoimaliza masika, mkavu na kimya, kitandani pake. Na jioni ya mwisho akasema yale maneno yake.

Baada ya hitima, Faki aliwaita wote watatu akawaeleza wasia. Khatibu alisema kwanza. "Mvua huzuiwa na bati. Na mimi na mke wangu tunalala mkekani kwa mkwe wangu mpaka leo. Nisiposema mimi, mke wangu atasema."

"Bati lako lilikuwa limeegemea ukuta tangu mwaka jana," alisema Shaame. "Lilizuia mvua gani? Mimi ndiye niliyeona kuwa paa limekufa kabla halijamfukia. Lile ndilo paa langu la mwisho. Ningependa kuilalia shukrani yake."

Bi Riziki alikuwa akitazama mikono yake. "Nyinyi mlizuia maji. Mwenyewe alisema bora angelowa. Na hebu fikirini: kwa nini hakutaja jina? Jina ambalo Mize hakulitaja kwa miaka tisa ni la nani?"

"Au hakulitaja," Shaame alisema polepole, "kwa sababu aliona linajulikana."

Riziki alijifuta macho kwa ncha ya kanga, na Faki akaelewa kwamba kwake yeye hakikuwa kitanda tena. Likitajwa jina lake, atakuwa amesamehewa. Likitajwa la mwingine, hatajua kamwe.

"Njooni kesho," alisema Faki.

Asubuhi yake, baada ya sala, Faki alitoa godoro akaliweka juani. Akakifungua kitanda walicholala miaka thelathini na moja: ubavu mmoja, ubavu wa pili, kichwani, miguuni. Akakifuta kila kipande kwa kitambaa kibichi, akakipanga barazani. Akakaa kando yake. Njiani akawaona wanakuja wote watatu, Shaame akichechemea, wengine wawili wakipunguza mwendo ili wafike pamoja naye.

Msiniambie wagawane, kitanda kilichogawanywa ni kuni. Wala msiniambie abaki nacho mwenyewe, maana aliahidi. Wanakaribia baraza, na Faki lazima aseme jina moja. Nyinyi mliosikia yote haya, mkiwa mmekaa pale alipokaa yeye, mngelitaja la nani?