Kaburi la Mgomba

Hapo zamani, na msinikunjie nyuso, si zamani ya sungura na fisi. Ni zamani ya juzi tu, suruali niliyovaa siku ile bado ninayo, imebaki mguu mmoja na nusu. Hapo zamani watu watatu waligombea kaburi. Nimeona watu wakigombea shamba. Nimeona wakigombea mume. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakigombea firigisi. Lakini kaburi, tena kila mmoja anasema "nizikwe mimi," hilo nililiona Kwelusonge tu, na aliyeliona kwingine ajitokeze tumpishe kiti.

Kwelusonge lilikuwa shamba la mkonge. Wakataji walitoka mbali, wakaitwa manamba, maana kila mmoja alipewa kipande, kadi ya kazi yenye namba, na jina lake akaliacha getini. Wakiitwa asubuhi, inaitwa namba. Wakiugua, imeugua namba. Wakifa, imekufa namba. Wakazikwa ng'ambo ya korongo, na karani akachora ramani ya makaburi kwenye karatasi kubwa kama shuka: vyumba mia mbili na kumi na viwili, kila chumba na namba yake. Jina? Hata la dawa.

Shamba likafa. Miaka ikapita. Akaja tajiri mpya na trekta, akataka kulima hadi ng'ambo ya korongo. Sisi watoto na wajukuu wa manamba tukamwambia: hapo hupiti. Akasema: napita. Tukasema: hupiti. Tukafikishana kwa afisa ardhi, mtu mwembamba mwenye kompyuta pana.

Afisa ardhi akasema, "Kaburi lenye jina na mahali pake humu ndani ya mashine halilimwi. Lisilo na jina ni kichaka. Leo Jumatatu. Ijumaa saa tisa na nusu nafunga."

"Yote, mheshimiwa?"

"Yote. Likikosekana moja trekta litapita hapo, na trekta halijui kona."

Sasa sikilizeni wale watatu.

Wa kwanza ni Mzee Mihambo, Mnyamwezi, zamani tarishi wa ofisi ya shamba. Siku shamba lilipofungwa, meneja alimwamuru achome makaratasi yote. Akachoma yote, ila ramani ya makaburi akajizungushia tumboni, akavaa shati juu, akatoka getini amenenepa ghafla. Wakamkamata. Akaulizwa ramani iko wapi, akasema imeungua. Akapigwa, akasema imeungua. Akafungwa miezi sita, asubuhi anasema imeungua, jioni anasema imeungua. Nayo imelala ndani ya mwanzi, darini kwa mkewe.

Jumatatu ile ile akauleta mwanzi. Tukaikunjua ramani. Kona moja haipo.

"Mzee Mihambo, kona iko wapi?"

Akatazama mbuzi waliokuwa wakipita. "Panya."

"Panya gani anakata kwa wembe?" Huyo ni Bibi Mwanamvua, nitamfikia.

Mzee akakohoa. "Ulikuja mwaka tumbaku ipo, karatasi ya kusokotea hakuna."

"Mtani, umevuta makaburi ya watu?"

"Si kwa siku moja," akasema Mihambo. "Kidogo kidogo."

Vyumba kumi na viwili vilikuwa vimekwenda na moshi.

Wa pili ni Bi Theofrida. Alikuwa mpiga chapa wa ofisi ile ile, akazeeka kwenye tapureta. Kisha, wenzake wakijifunza kuketi, yeye akajifunza kompyuta, akafungua steshenari kando ya barabara. Akatandika ramani sakafuni, akapanda juu ya meza, akaipiga picha. Nani alishikilia ncha isijikunje? Mimi. Kidole gumba changu kimo ndani ya kompyuta ya wilaya mpaka leo, mwende mkakiangalie.

Kisha akaenda na simu yake kaburi hadi kaburi, akisimama kila tuta, simu ikimwambia hapo ni wapi duniani, naye akipaoanisha na chumba cha ramani. Mia mbili akamaliza. Lakini kona iliyovutwa haikuwa na ramani, ilikuwa mkonge pori mtupu. Wanaume tulisimama tukashauriana. Yeye akaingia kwa magoti. Jumatano, saa nne asubuhi, ncha ya jani la mkonge ikamwingia jicho la kushoto.

Hakutoka. Alilifunga kwa kanga, akaendelea kuhesabu: matuta kumi na moja, na mahali pa kumi na mbili pako bapa. Ndipo akatoka. Zahanati wakamwambia jicho limekwenda. Akasema, "Nina jingine." Alasiri alikuwa mbele ya mashine.

Mashine ikauliza: Jina? Akaandika namba. Ikakataa. Akaandika tena, ikakataa tena. Tangu Kwelusonge iwe Kwelusonge, hiyo ndiyo siku ya kwanza namba kukataliwa. Tukaipigia mashine makofi. Halafu makofi yakakatika, maana majina tutayatoa wapi?

Hapo ndipo ninapomtoa wa tatu, Bibi Mwanamvua, Mzigua wa pale pale, muuza uji wa kambi. Mzigua ni mtani wa Mnyamwezi, mnajua. Na wasio Wanyamwezi aliwafanya watani kwa nguvu. Miaka arobaini hakuna maiti aliyeteremka kaburini pale bila Bibi kusimama kichwani pake na kumtukana utani, kwa jina lake, ili asiondoke kama namba. Ukimuuliza jina kimyakimya, hajui. Lazima atukane ndipo jina litoke.

Alhamisi tukapita naye safu kwa safu.

"Kasubi wee! Jitu zima linakimbia chura!"

"Kasubi," Bi Theofrida akaandika kwenye daftari.

"Chilumba, deni la uji wangu umelifanya mto wa kulalia!"

"Chilumba."

"Ntahondi, miguu ya nzige!"

Bi Theofrida, kwa haraka na jicho moja, aliandika lote. Mpaka leo serikali inamjua Ntahondi Miguu ya Nzige.

Twende, twende, kufika safu ya tisa Bibi akafunga mdomo.

"Bibi, huyu nani?"

"Namjua. Nyapara aliyemvunja mume wangu mkono kwa rungu. Huyu abaki namba."

"Akibaki namba, trekta linapita."

"Lipite juu yake."

"Halitapita juu yake peke yake, Bibi."

Akasimama. Jua likahama kutoka bega hili kwenda bega lile. Hakuna aliyethubutu kumshika mkono. Mwisho akatema mate pembeni, akasema: "Lihumbo, mbwa wee! Hata kaburini unataka kubebwa! Haya, bebwa!"

Tukafika konani. Matuta kumi na moja akayatukana moja moja. Tukafika pale bapa. Bibi akacheka mpaka akakaa chini.

"Hapa yupo mgomba!"

Kumbe mwaka wa kipindupindu Mihambo alikata roho, watu wakachimba, na mwili ukisubiri sanda, ukaomba uji. Sasa, wazee wetu kaburi lililochimbwa hawaliachi na njaa, lisije likaita mtu mwingine. Wakakata mgomba, wakauvisha sanda, wakauzika.

"Na nililia juu ya mgomba ule," Bibi akasema, "kuliko nilivyowahi kumlilia mtu." Alikuwa anasema kwa kunong'ona. Kwa matusi mia mbili na kumi na moja sauti ilikuwa imekatika, na mpaka leo haijarudi. Mtukanaji wa Kwelusonge anaongea kama jani kavu.

Ijumaa. Trekta linanguruma ukingoni mwa korongo. Kambi nzima, wenye mikongojo na wenye mimba, wameketi juu ya makaburi, wanakula mihogo. Dereva akapiga honi. Wakamkaribisha muhogo.

Ofisini afisa ardhi anasoma, wakala wa tajiri ameegemea dirisha. Akafika la mwisho.

"Mgomba?"

Wakala akaruka. "Mgomba! Orodha ya uongo hiyo! Lipite trekta!"

Mihambo akainuka. "Bwana mdogo, huyo ndiye aliyekufa badala yangu. Mseme tena vibaya uone."

Saa tisa na dakika ishirini na mbili. Afisa ardhi akatafuna kalamu. "Mgomba si maiti," akasema. "Lakini mahali pake pamo ndani ya mashine, na pana nafasi. Nitaandika: pamehifadhiwa. Makaburi haya hayalimwi." Tukataka kupiga vigelegele, akainua mkono. "Na leo nayafunga. Kuanzia sasa watu wa Kwelusonge watazikwa makaburi ya mjini. Isipokuwa mmoja, hapo kwenye mgomba. Mniletee jina. Moja."

Trekta likageuza. Na vita vikaanza pale pale mlangoni.

Mihambo akasema, "Kaburi ni langu. Lilichimbwa kwa urefu wangu. Nililala jela kwa ajili ya ile karatasi. Bila mimi mngekuwa mnatukana mahindi."

Bibi Mwanamvua akanong'ona, nasi tukainama kumsikia. "Tuta la jirani na mgomba ni mume wangu. Miaka thelathini nililala kushoto kwake, na kushoto kwake ndipo pale. Mtani, wewe kitanda chako ulikikataa mwenyewe, ukaamka ukaomba uji. Uji wangu!"

Bi Theofrida akasema, "Kona ile yumo baba yangu. Mwezi wangu wa kwanza kazini nilipiga chapa barua: namba 3306 amefariki. Nikaigonga muhuri, nikaenda kula. Jioni ndipo nikaambiwa namba ile ni baba. Nimempa jina lake kwa jicho langu. Na jicho langu, Mzee Mihambo, ulilivuta wewe kwenye sigara."

Mihambo akaizima sigara yake kabla haijaisha. Mara moja tu maishani mwake.

Hilo jambo lina miaka minne. Jina halijapelekwa. Na nawaambia kitu ambacho hamtakisikia kwingine: tangu siku ile hakuna hata mmoja kati ya watatu anayekubali kufa. Akitangulia, nani atamtetea? Wale wawili watamtia kwenye gari la mjini. Mwaka jana Mihambo alizidiwa, padri akaitwa, akafumbua jicho akawaona wale wanawake wawili mlangoni wananong'onezana. Akaketi, akaomba uji. Bibi ana pumu, Bi Theofrida ana sukari. Malaika anafika Kwelusonge, anabisha hodi nyumba tatu, nyumba zote tatu anajibiwa: "Anza kwa jirani."

Mimi sijiombei, kidole changu kimo humo tayari. Lakini afisa ardhi kanituma niulize watu wenye akili, nikaja kwenu, sikupata wengine. Aliyeificha karatasi na kuivuta, aliyeyatoa majina hata la adui yake, na aliyeyaingiza kwenye mashine kwa jicho lake. Je, ungekuwa wewe ndiye unayeandika jina moja, ungewaruhusu wawili gani wakazikwe na wageni?