Gazeti la Kufungia Karanga

Mimi, Mhariri Mkwachu, nilijiona nguzo ya kupigania uhuru, ingawa gazeti langu lilisomwa na watu watatu tu: mimi, mke wangu aliyetafuta makosa, na Bwana DC aliyetafuta uchochezi.

Wiki ile, kwa tangazo gazetini, niliwaita wananchi mkutanoni, Jumapili, uwanja wa mnada. Kabla gazeti halijafika mtaani, askari walibeba nakala zote hadi bomani, nami wakanikokota nyuma yao.

"Nitazichoma moto!" DC alifoka.

"Ahsante, Bwana Mkubwa," nilisema. "Moto una heshima. Mimi nilihofia utawapa wauza karanga wafungie karanga zao. Kwa aibu hiyo nisingeshika kalamu tena."

DC alicheka mpaka kiko kikamdondoka. "Karani! Wape wauza karanga wote. Bure!"

Nilipiga magoti nikalia, tena kwa kuzidisha, maana mke wangu husema siwezi kumdanganya hata mtoto.

Jumapili uwanja ulifurika. Kila mtu alikuja na karanga zake, zimefungwa ndani ya tangazo langu. Hata askari waliotumwa kututawanya walikuwa wanatafuna.

Wiki iliyofuata askari hawakutokea. Nilibeba magazeti mwenyewe hadi bomani, nikamsihi DC ayakamate.